Hakimu Wenu wa Jukwaani na Hukumu Iliyonifuata Nyumbani

Kwa Meneja,
Jumba la Maonyesho la Kale,
Mkabala na Posta.

Ndugu Meneja,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA HAKIMU WENU, NA OMBI LA KUFUTWA HUKUMU YAKE

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta u mzima, wewe na wasanii wako wote, isipokuwa mmoja ambaye nitamtaja hapa chini kwa cheo chake. Huyo naye simwombei ugonjwa, namwombea aibu kidogo tu.

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Nimeitumikia mahakama miaka thelathini na moja bila kuchelewa, ukiacha siku moja ya mafuriko, na siku hiyo hata hakimu hakufika. Kazi yangu ilikuwa kuita mashauri, kusoma mashtaka, kuapisha mashahidi, na zaidi ya yote, kuwaamrisha watu wasimame hakimu anapoingia. Sikuelezi haya kwa kujisifu. Nakueleza kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Jumba lenu nimepita mbele yake maisha yangu yote. Nimeziona zile nguzo nne na ule ubao wa shaba unaosema kuwa lina umri wa miaka zaidi ya mia, nikajisemea kwamba wanaoingia humo ni watu wasio na kazi. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tukatimiza miaka thelathini na nne ya ndoa, na binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, akatununulia tiketi mbili za onyesho la Jumamosi alasiri. Nilikataa. Nikasema magoti yananisumbua, nikasema sina viatu vya kuendea huko, nikasema na mengine. Binti akaniambia, baba, mbona ndani yake kuna mahakama? Ndugu Meneja, hapo ndipo aliponipata. Nikamwambia mama yake anipigie pasi suti.

Sasa naomba uyapokee malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa namba ili wewe usichanganyikiwe na mimi nisipandwe na hasira katikati.

1. KUHUSU UKUMBI. Viti vyenu ni vya mbao, vimepangwa safu safu, vyote vinatazama mbele. Mbele pana jukwaa lililoinuliwa. Juu ya jukwaa siku ile palikuwa na meza ndefu, kiti chenye mgongo mrefu, kizimba upande wa kushoto na rundo la majalada yaliyofungwa kwa utepe. Dari liko juu sana, feni zinalia, na chumba kizima kinanuka vanishi na karatasi za zamani. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja katika chumba cha namna hiyo hiyo, tena chenye feni za kulia vile vile, atajuaje kwamba hapa watu wanacheza? Hamkuweka tangazo lolote. Mlangoni nilikuta tangazo la kukataza kula karanga, basi.

2. KUHUSU KUSIMAMA. Hili ndilo shina la matatizo yangu yote, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Taa za upande wetu zilizimwa, pazia likafunguka, watu wakanyamaza. Mlango wa pembeni mwa jukwaa ukafunguliwa. Akaingia mtu mwenye joho jeusi, miwani imeshuka puani, jalada kwapani, anatembea taratibu kama wanavyotembea mahakimu wanaojua kwamba bila wao hakianzi kitu. Akili yangu ilijua kabisa kuwa huyu ni mwigizaji. Miguu haikujua. Nilishtukia nimesimama wima, mikono ubavuni, na sauti yangu inatoka: "Mahakamaaa! Wote simameni!"

Na watu wakasimama, Ndugu Meneja! Walisimama wa chini, wakasimama wa roshani, akasimama mpiga kinanda, akasimama yule mama anayeongoza watu kwenye viti kwa tochi. Mshtakiwa aliyekuwa kizimbani, ambaye nadhani alitakiwa aonekane amelala, naye akasimama. Mtoto mmoja alilia. Hakimu wenu alituangalia sote, akainamisha kichwa upande wangu, akasema kwa sauti ya kikazi: "Ahsante, karani. Wakae." Nikawakalisha. Watu wakapiga makofi, na mimi nakiri nilikaa kwenye kiti changu nimejaa fahari, maana tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa amenitii, hata paka.

Laiti ningalijua. Nilijipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe.

3. KUHUSU SHAURI LENYEWE. Nilitegemea kesi ya kiwanja, au wizi, au angalau ugomvi wa majirani. Kumbe ni mke amemshtaki mume wake kwa kosa la kutosema ahsante wala samahani kwa miaka thelathini. Nilipekua kichwani mwangu vifungu vyote ninavyovijua, na navijua vingi, sikuona kosa la namna hiyo. Nikangoja hakimu alitupilie mbali. Badala ya kulitupa, akalipokea, tena akanywa maji kidogo ili asikilize vizuri! Nilinyoosha mkono nitoe pingamizi. Yule mama wa tochi akanimulika usoni mpaka nikaushusha.

4. KUHUSU TARATIBU. Mshtakiwa hakusomewa mashtaka. Shahidi wa kwanza hakuapishwa. Vielelezo vililetwa mezani, shati jeupe lililoshonwa kifungo na kikombe cha chai, na hakuna hata kimoja kilichopewa namba. Mke alipouliza ni nani alikishona kile kifungo, watazamaji wanawake wakajibu kwa pamoja, "Sisi!" Hakimu hakuwanyamazisha. Nilimwambia mke wangu kwa kunong'ona kwamba mahakama ya namna hii ingefungwa siku moja. Akaniambia ninyamaze, asikie.

5. KUHUSU MKE WANGU. Mwanzoni alicheka. Alicheka mpaka akaniegemea begani, jambo ambalo nami sikulipinga. Kisha mke wa jukwaani akasema kwamba hataki mali wala hataki talaka, anataka kuyasikia maneno hayo mara moja tu masikio yake yangali yanasikia. Hapo mke wangu akaacha kucheka. Nilimtazama kwa pembeni. Alikuwa anatazama mbele, ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka taa zikawashwa. Lalamiko langu hapa ni kwamba tiketi yenu haina onyo lolote kwa watu walio katika ndoa.

6. KUHUSU HUKUMU. Mume alipatikana na hatia. Akaamriwa asimame mbele ya mke wake, mbele ya mashahidi, aseme maneno mawili, ahsante na nisamehe, katika muda wa siku kumi na nne, la sivyo mke ahame nyumba mpaka ayasikie. Mpaka hapo si shauri langu, mtu kahukumiwa kwake. Lakini hakimu wenu hakutosheka. Alisimama, akanyoosha kidole kuelekea sisi tuliokaa, akasema kwamba mume yeyote aliyemo ndani ya ukumbi huu mwenye kosa hilo hilo, hukumu hii ni yake pia. Wanawake wa roshani wakapiga vigelegele.

Katika miaka thelathini na moja sijaona hakimu anayewahukumu watu waliokuja kusikiliza. Huko ni kuvuka mipaka ya kazi, na mahali pengine angepelekwa kituo cha mbali akahukumu kesi za mbuzi.

7. KUHUSU YALIYOFUATA. Tulifika nyumbani. Sijamaliza hata kuvua viatu, mke wangu akaniuliza, kwa upole kabisa, nitaitekeleza lini ile amri. Nikacheka. Nikamweleza kwamba lile ni igizo, joho lile ni la kuazima, na hakimu yule hana mamlaka hata ya kumfukuza kuku. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Wewe ndiye uliyesimama, mume wangu. Tena ukatusimamisha na sisi."

Ndugu Meneja, mimi ni mtu wa sheria. Mtu akifika mbele ya mahakama, akasimama, akainamiwa kichwa, akakaa, asitoe pingamizi, huyo ameikubali mahakama. Hawezi kuja siku ya pili akasema hakuitambua. Jambo hili nilikuwa namweleza mke wangu mwenyewe, mezani, jioni hata jioni, kuhusu kesi za watu wengine, na nilikuwa nawacheka wajinga hao mpaka napaliwa. Kweli mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikasema basi nitakata rufaa, akasema sawa, lakini rufaa haisimamishi utekelezaji. Hilo nalo nilimfundisha mimi.

Siku kumi na nne zikapita. Siku ya kumi na tano alipanga nguo zake katika begi la bluu, akahamia kwa binti yetu. Hakununa. Hakugomba. Alisema hana ugomvi na mimi hata kidogo, yeye anatekeleza tu. Akaniachia karatasi iliyoandikwa chumvi iko wapi, sindano iko wapi, na dawa yangu ya presha ninywe saa ngapi. Leo ni siku ya tisa. Nimeunguza mashati mawili na ninakula mkate kwa chai asubuhi, na jioni nakula chai kwa mkate. Watu wasidhani kwamba ninateseka. Nyumba ni kimya na nafasi ni kubwa, kubwa mno, mtu anaweza kutembea kutoka chumba hadi chumba asikutane na mtu.

8. KUHUSU KUKUTANA NA HAKIMU WENU SOKONI. Niliuliza huku na huku nikaambiwa kwamba huyu bwana siku za kazi anapima macho katika duka la miwani. Nikafurahi. Nikasema sasa nimempata, nitamwendea nimpe vidonge vyake mchana kweupe, mbele ya wateja wake. Kabla sijaenda, tukakutana sokoni. Mimi nilikuwa na mkwe wangu, mume wa binti yetu, ambaye ni fundi umeme na mdomo wake haujawahi kuwa na swichi. Hakimu wenu alikuwa amevaa kandambili, anabonyeza nyanya moja moja.

Nilimsogelea nimefura. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Akageuka, miwani imeshuka puani, akanitazama kwa juu ya ile miwani. Ndugu Meneja, sijui nikuelezeje. Nilinyooka. Nikainama. Nikasema, "Mheshimiwa."

Muuza nyanya alishuhudia. Mkwe alishuhudia. Naye hakimu, badala ya kunionea huruma kama binadamu, akaweka nyanya chini akaniuliza: "Karani, ile amri imetekelezwa?" Na mimi, kwa kinywa changu hiki hiki, nikajibu: "Bado, Mheshimiwa. Naomba kuongezewa muda."

Niliomba muda! Aliyeomba muda amekwisha kuikubali hukumu, mtoto wa shule anajua. Akafikiri, akanipa hadi Jumamosi hii, akalipia nyanya zake akaondoka. Mkwe aliniacha hapo hapo na vikapu vyote viwili. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika kwa binti, imeshachambuliwa, na nimetumiwa ujumbe mfupi kutoka kwa mke wangu unaosema: "Jumamosi. Sawa." Sijapata kusoma maneno mawili mazito namna hiyo, na nimewahi kusoma hukumu za kifungo cha maisha.

9. KUHUSU JAMBO LISILOHUSIANA NA SHAURI. Naliweka mwisho kwa sababu halihusiki, ila mke wangu amelileta kupitia kwa binti, na binti amelia nalo kwenye simu, kwa hiyo sina budi kulijibu.

Nilipoanza kazi nilikuwa na kigugumizi. Watu wengi hawajui. Siku yangu ya kwanza niliposimama kuita shauri la kwanza, nilikwama kwenye herufi ya kwanza ya jina la mshtakiwa. Nilikwama mpaka mshtakiwa mwenyewe akajiita, akaingia kizimbani. Watu wakaangua kicheko, hata askari. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, tulikuwa tumeoana miezi mitatu tu, kwamba kesho siendi, nitatafuta kazi ya stoo, mahali pasipo na watu.

Hakunibembeleza. Alifunika sufuria, akashika mwiko, akatoka nje kwa mlango wa uani, akaniambia kutokea huko kwamba yeye ndiye hakimu na anataka kuingia, na haingii mpaka watu wasimamishwe. Nilianza, "Ma, ma, ma," akangoja. Alikuwa anangoja nje hata kukiwa na baridi. Nikimaliza neno anaingia, anaketi juu ya ndoo aliyoipindua, ananiamuru nisome mashtaka. Nikikwama hasemi neno, hanisaidii, hacheki. Anatoka, anaingia upya. Tulifanya hivyo kila jioni kwa miezi kumi na moja, maharage yakiungua mara nyingine, mpaka siku moja sauti ikatoka yote kwa pamoja na jirani wa ukuta wa pili akasimama. Ndiyo hiyo sauti iliyowasimamisha watu wenu wa roshani.

Ukweli wa jambo hili siukani. Ninachosema ni kwamba limepitwa na muda. Mtu mwenye dai la miaka zaidi ya thelathini alipaswa kulileta mapema.

Hata hivyo, ili nisionekane mkaidi, Jumapili iliyopita nilikwenda kwa binti kujaribu kulimaliza kindugu. Mke wangu akafungua mlango yeye mwenyewe. Alikuwa amevaa kanga ya nyumbani na mikono ina unga. Nikafungua kinywa niseme lile neno la kwanza. Nikasema, "A." Nikasema tena, "A, a." Ndugu Meneja, miaka zaidi ya thelathini kigugumizi hakijanirudia, kikanirudia pale mlangoni kwa mwanangu, na wajukuu wanatazama. Yeye akangoja. Anajua kungoja. Alisimama pale mpaka unga ukamkauka vidoleni. Mwishowe nikamuuliza dawa ya viatu iko wapi. Akanijibu, chini ya kabati, upande wa kushoto. Nikarudi nyumbani, na viatu sikuvipaka.

Baada ya maelezo hayo, naleta maombi yangu, nikianza na jepesi:

(a) Utoe tangazo, libandikwe kwenye nguzo zote nne za jumba lako, kwamba hakimu wenu si hakimu, hajawahi kuwa hakimu, na hukumu zake ziishie kwenye zulia la jukwaa.

(b) Ikishindikana hiyo, bwana huyo aende nyumbani kwa binti yangu akiwa hana joho, amevaa zile kandambili, ajitambulishe kwa mke wangu kuwa ni mpima macho. Akitaka ampime macho kweli, atakuwa amefanya la maana, maana mke wangu siku hizi anatunga uzi kwa kubahatisha.

(c) Ikishindikana hiyo, mbadilishe mwisho wa igizo. Mume aachiwe huru kwa ushahidi kutotosheleza, na siku hiyo mtualike mimi na mke wangu, tukae safu ya mbele, aone kwa macho yake haki ikitendeka.

(d) Ikishindikana hiyo, nipewe haki yangu ya rufaa. Rufaa isikilizwe na mahakimu watatu, juu ya jukwaa lenu, siku ya Ijumaa kabla muda niliopewa haujaisha. Wawili wanaweza kuwa waigizaji. Wa tatu napendekeza awe yule mama wa tochi, kwa sababu pamoja na kunimulika, nilimwona anafuata taratibu. Karani nitakuwa mimi mwenyewe. Najua karani hapaswi kuwa mrufani, lakini katika mji huu simwoni mwingine anayeweza kuita mahakama ikaitika.

(e) Ikishindikana na hiyo, basi unipe barua yenye muhuri wa jumba, inayothibitisha kwamba siku ile sikusimama kwa heshima ya mahakama, bali nilisimama kwa sababu ya maumivu ya magoti. Kwamba nilipiga kelele, hiyo pia iandikwe ni magoti.

Nakusihi usiichukulie barua hii kama mzaha wa mzee aliyekosa kazi. Jumba lenu limesimama miaka mia na zaidi na halijawahi, kwa kadiri ninavyojua, kumhamisha mwanamke kutoka nyumbani kwake. Mimi nasema kwa nia njema. Leo ni mimi, kesho itakuwa mume mwingine ambaye hana hata kosa. Mkianza na karani mtamaliza na nani? Mkitia igizo la daktari, watu si watarudi nyumbani wamelazwa? Mkitia la mazishi je?

Nisalimie wasanii wote kwa majina yao wanayopenda kuitwa. Msalimie mpiga kinanda, mwambie alipiga vizuri ila aliposimama alikuwa wa mwisho. Msalimie mama wa tochi, sina kinyongo naye. Yule aliyeigiza mume mpe salamu za pekee, mwambie kuna mtu safu ya tano anayemfikiria. Hakimu nitamsalimia mwenyewe tukikutana, kwa kuwa inaonekana siwezi kujizuia.

Wako katika kuzingatia taratibu,

Karani Mstaafu wa Mahakama
(mwenye tiketi ya safu ya tano, kiti cha kando)

Nakala: Jalada.

TANBIHI: Nilivyozoea, hakuna hati inayotoka mkononi mwangu kabla sijaisoma kwa sauti. Nimeisoma hii jikoni, peke yangu. Namba moja hadi nane nimezisoma vizuri sana, hata mimi mwenyewe nikajipa ushindi. Namba tisa sikuweza kuimaliza.

Kwa hiyo naomba uyapuuze maombi yote, kuanzia (a) hadi (e). Mwisho wa igizo msiubadilishe. Tangazo msibandike. Mahakama isifutwe, naiomba sana, angalau mpaka Jumamosi jioni. Binti ameahidi kumleta mama yake, watakaa safu ya pili. Nami naomba yule msanii anayeigiza mume apumzike dakika tano tu, anipishe pale kizimbani. Maneno yangu si mengi, ni yale mawili. Nyumbani hayatoki, nimejaribu mpaka kwenye kioo. Mbele ya hakimu huenda yakatoka.

Na nikikwama, mtu yeyote asiyaseme kwa niaba yangu. Mke wangu atangoja. Mheshimiwa aniamuru tu niyaseme, kwa maana nikiamriwa na mahakama sijawahi kukaidi hata siku moja.